Kiti cha Shangazi

Bweni la Wafanyakazi, chumba cha nne
Jumapili, 3 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimefika salama, na kabla hujauliza: ndiyo, nimekula, na hapana, sijampa mtu ufunguo wa sanduku langu. Simu huku haishiki mtandao mpaka upande juu ya tangi la maji, na mimi na hilo tangi bado hatujazoeana. Basi tutaandikiana barua kama wachumba wa zamani. Mwambie mama asilie, na akilia asinisingizie mimi.

Kiwanda ni jengo refu lenye madirisha ya juu, cherehani arobaini kwa mistari minne, na kelele yake inaingia mpaka kwenye meno. Tunashona sare za wauguzi, walinzi, wanafunzi na wahudumu wa hoteli. Mimi nimewekwa meza ya mwisho, karibu na mlango wa kutolea mizigo. Sare ikishashonwa inaletwa kwangu. Nakata nyuzi zilizobaki, navuta vifungo, naangalia kama kola imekaa sawa, halafu naweka saini kwenye kadi na kuitia mfukoni. Bila saini ya meza ya mwisho hakitoki humu hata kitambaa cha kufutia pua. Umeona? Mdogo wako kawa mtu mzito.

Sasa sikia kichekesho. Hapa naitwa Shangazi. Asubuhi ya kwanza msimamizi alinifikisha mezani akasema, "Haya, Shangazi, kazi imekungoja," akaenda zake. Nikadhani ananichokoza. Kisha wakaja wanawake wa mstari wa kwanza, mmoja mmoja, wengine wakubwa kuliko mama, na mmoja ana mvi mpaka kwenye nyusi. Kila mmoja anainama kidogo: "Shikamoo, Shangazi." Mimi, dada! Mwenye miaka ishirini na minne, niliyekuwa nikirudishwa mlangoni na wewe nitoe shikamoo upya kwa sababu ya kwanza niliitoa mdomo umejaa. Nikacheka. Hawakucheka. Nikasema, "Jamani mama zangu, mnanitia dhambini, shikamooni nyie."

Wakabaki wamesimama. Cherehani zikazimwa moja baada ya nyingine mpaka jengo zima likanyamaza. Watu wote wakawa wananitazama, wala si kwa hasira, walinitazama kama unavyomtazama mtu aliyesimama katikati ya mlango na hapiti. Mwishowe msimamizi akapiga kengele ya chai, ingawa ilikuwa saa mbili na nusu tu, tukaokoka hivyo.

Nimeambiwa aliyekuwa hapa kabla yangu alikuwa mama mtu mzima, na huyo ndiye Shangazi. Nikamuuliza Nyusi (ndivyo nilivyomwita kimoyomoyo yule mwenye mvi) alikwenda wapi. Akanijibu, "Kwenda wapi tena?" Mto wake bado uko kwenye kiti, umebonyea upande wa kulia. Koti lake la kazi liko kwenye msumari, kifuani limetariziwa neno Shangazi kwa uzi mwekundu. Nililivaa kwa utani. Limenikaa kama nilipimwa.

Wewe ndiye unayefundisha mambo ya jamii chuoni. Kesho watakuja tena na shikamoo zao. Nifanyeje?

Mdogo wako,
Kitinda

*

Nyumbani
Jumatatu, 11 Machi

Kitinda wetu,

Marahaba, tena marahaba mara mbili, maana shikamoo yako ya safari hii haina chakula mdomoni. Barua yako nimeisomea mama akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akalia, kama ulivyotabiri, na amekusingizia wewe.

Usiogope. Umeangukia mahali ambapo wanafunzi wangu wangepigania kuwa. Kila mwaka nawaambia: jamii haijajengwa kwa watu, imejengwa kwa nafasi. Mtu huzaliwa akakuta nafasi ya mama ipo, ya mwalimu ipo, ya jirani mmbeya ipo, naye anaingia mojawapo kama mtu anayevaa viatu alivyovikuta mlangoni. Kila nafasi ina dhima yake, yaani yale ambayo watu wengine wanakutegemea uyafanye, jinsi ya kusema, jinsi ya kukaa, nani akuamkie na nani umwamkie. Hao mama zako hawakusalimii wewe. Wanakisalimia kiti. Ulipokataa kuitikia hukuonyesha adabu, mpenzi, ulivunja utaratibu wao wa asubuhi, na watu hawaujui utaratibu wao mpaka mtu auvunje.

Basi fanya hivi. Wiki moja tu, waitikie. Wakisema shikamoo, sema marahaba. Wakikuuliza jambo la Shangazi, jibu kama Shangazi. Halafu niandikie wanachofanya, nitakisoma darasani bila kutaja kiwanda. Wiki ikiisha waambie ukweli kwa upole na urudi kuwa wewe. Hutapungukiwa na kitu.

Huku hatujambo. Mama alishindwa kupita mbele ya chumba chako kikiwa kimefungwa, ndipo tukampangisha binti mmoja anayesomea uuguzi. Mpole, hana makuu, anakunja blanketi vizuri kuliko wewe. Usinune. Ni mpangaji tu, na kitanda chako ni chako.

Dada yako

*

Bwenini
Jumatano, 20 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimefanya kama ulivyosema, mwalimu, na haya ndiyo matokeo.

Siku ya kwanza Nyusi alikuja, akainama: "Shikamoo, Shangazi." Nikasema marahaba. Ilitoka kwa sauti nzito, kama ya mtu mwenye mafua. Cherehani zote arobaini zikawashwa kwa wakati mmoja. Naapa, kwa wakati mmoja. Na watu wakawa wachangamfu, wananiletea habari, nani kagombana na mumewe, nani kaficha mkasi wa mwenzake. Juzi wawili wa mstari wa tatu walikuwa wanataka kurukiana kwa ajili ya pasi. Kabla ya kugusana waligeuka kunitazama. Nikasema, "Acheni hizo." Wakaacha! Watu wazima hao. Sikufichi, ilinipendeza. Nyumbani hata paka hanisikilizi.

Lakini kuna mawili ya kuniudhi. La kwanza ni goti. Kila asubuhi baada ya salamu wananiuliza, "Na goti?" Mwanzoni nilisema sina goti bovu. Wakatikisa vichwa kwa huruma, kama mbele ya mtu anayejikaza. Basi nikawa najibu, "Linaendelea." Sasa linauma kweli. La kushoto. Nikishuka ngazi za bweni nashika ukuta.

La pili ni Alhamisi. Saa sita mchana mlinzi aliniita getini, akasema mzee amekuja. Nikakuta mwanaume wa makamo ya baba, fundi saa, ana kile kioo chao cha jicho kinaning'inia shingoni. Ameshika bakuli lenye mfuniko. Akatandika leso kwenye benchi la mlinzi, akaniwekea chakula, akakaa pembeni akitazama barabara. "Watoto wanakusalimu," akasema. Nikala, dada, maana alikuwa amekuja kwa miguu na chakula kilikuwa cha moto. Nilipomaliza alifunika bakuli, akafuta benchi, akaniambia, "Leo umekula vizuri." Nikarudi mezani. Hakuna aliyenitazama, wote waliinamia vitambaa vyao kwa makusudi.

Wiki imekwisha. Nimejaribu kuwaambia ukweli, ila kila nikifungua mdomo mtu ananiletea sare. Nianzie wapi?

Kitinda

*

Nyumbani
Jumamosi, 30 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Pole na goti. Nimelifikiria na naona liko wazi. Umesema mto umebonyea upande wa kulia. Ukikaa juu yake mguu wa kushoto unabeba mwili siku nzima. Kiti ndicho chenye goti bovu, siyo wewe, na kila atakayekaa hapo atapewa hilo goti. Tupa mto.

Huyo fundi saa ananisikitisha. Pengine mkewe alifariki na moyo wake umegoma. Lakini hapo usiendelee na mchezo wetu hata kidogo. Mwambie waziwazi, kwa heshima: mimi si mke wako, mimi ni binti wa watu, nimeajiriwa mwezi huu. Msimamizi naye umwambie hivyo hivyo, mbele ya watu.

Hapa nina kichekesho changu. Mama ameanza kumwita mpangaji Kitinda. Nilidhani ulimi umeteleza, ukateleza tena kesho yake. Nikamwita pembeni. "Mama, unajua huyu siye?" Akanijibu kwa ukali, "Najua kabisa siye. Lakini kitanda kinalaliwa, nikiita naitikiwa. Ulitaka niite ukuta?" Tangu aanze kumwita hivyo analala usingizi mzuri na hajashika kifua tena. Binti alikuja kuniuliza afanyeje, kwa aibu. Nikamwambia akiitwa aitike tu, "Abee mama," kwa siku chache, mama atazoea. Si umeona nawe ulivyoitikia watu wakatulia? Somo moja, nyumba mbili. Darasa langu lilifurahi sana.

Dada yako

*

Bwenini
Ijumaa, 12 Aprili

Dada, shikamoo.

Mkataze. Leo hii, kabla hujafika mwisho wa barua hii, nenda kamwambie yule binti asiitike. Usingoje mama azoee. Nitakueleza kwa nini, ila kwanza nenda.

Alhamisi iliyopita nilimwambia yule mzee. Nilikuwa nimejifunza maneno yako kwa moyo. Nilisema, "Mzee wangu, samahani, mimi si mke wako. Nimeajiriwa mwezi Machi. Mama yangu yuko hai, nina dada mwalimu." Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakushtuka wala hakukasirika. Akanisogezea bakuli akasema, "Hata mara ile ulisema hivyo hivyo, ukazoea." Nikamuuliza mara ipi. Akasema, "Zote."

Nilimwambia msimamizi mbele ya watu. Akanisikiliza vizuri, akaitikia "Sawa, Shangazi," akanipa kadi nisaini.

Mto niliutupa jalalani kwa mkono wangu. Asubuhi nilikuta kiti kina mto mwingine, mpya, Nyusi aliushona nyumbani kwake. Aliukalia kwanza upande wa kulia ili unizoee. Aliniambia hivyo kwa upendo kabisa.

Jana nilitafuta chaki nikafungua droo ya chini. Kuna madaftari ya makosa, yale tunayoandika kola ipi imepinda, ya miaka mingi. Kila ukurasa umesainiwa Shangazi. Lakini miandiko, dada, si ya mtu mmoja. Nimehesabu watu sita. Kila mmoja anaanza na mwandiko wake, mmoja mnene, mmoja kama miguu ya kuku, na baada ya miezi miwili mitatu herufi zinaanza kulalia kushoto, zote, mpaka huwezi kumtofautisha huyu na yule. Mmoja wao aliandika pembeni kwa penseli: Mimi si Shangazi, mimi ni binti wa seremala, kwetu mlango ni wa buluu. Nilifungua kurasa zilizofuata. Alikagua mashati, alikagua suruali. Ukurasa wa kumi baada ya hapo saini yake imelala kama za wenzake. Nyuma ya madaftari kuna mafungu ya barua yaliyofungwa kwa uzi mwekundu. Sikuyafungua. Niliogopa.

Nimeelewa kitu ambacho hakimo kwenye vitabu vyako, au kimo na hukukisoma kwa sauti. Sisi tunadhani nafasi inangoja mtu akiondoka. Haingoji. Nami nina sehemu moja tu duniani ninapokuwa mdogo wa mtu. Ikijazwa hiyo, nitarudi wapi? Ndiyo maana nakuomba, asiitike.

Nimeomba ruhusa. Jumamosi ya tarehe nne Mei nakuja nyumbani, na sirudi tena huku.

Kitinda, Kitinda, Kitinda

*

Nyumbani
Jumatano, 24 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu, unisamehe, ni wakati wa mitihani na nyumba imechangamka. Barua yako ilinitia wasiwasi. Nilimwita binti nikamwambia asiitike tena. Siku mbili hakuitika. Mama alisimama koridoni akiita, akiita, hakula, na siku ya pili akakaa kitandani ameshika kifua. Ningefanyaje? Nilimwambia aitike.

Nikuambie ukweli wote, maana sipendi kukuficha. Si mama peke yake. Juzi yule binti alirudi amelowa mvua akapita na viatu vyenye tope mpaka sebuleni, nikamfokea, "Wewe, nimekwambia mara ngapi!" Akanijibu "Samahani, dada," akanicheka, nami nikacheka. Baadaye nikiwa nasahihisha mitihani nikagundua nilikuwa nimeona raha. Nyumba ilikuwa na sauti yake ya zamani. Nikajisikia vibaya kwa ajili yako, kisha nikasinzia.

Jambo moja dogo. Mwandiko wako umebadilika. Barua ya Machi ilikuwa imesimama wima kama wewe mwenyewe, hii ya mwisho herufi zake zinalalia kushoto. Labda uliandikia magotini. Andikia mezani.

Njoo tarehe nne. Tutakusubiri sote, mama, mimi na Kitinda. Nimeandika nini hapo? Ona, hata mimi. Ulimi, au tuseme kalamu. Njoo, mpenzi wangu, njoo haraka.

Dada yako

*

Nyuma ya duka la saa
Jumatano, 8 Mei

Dada yangu,

Utaona anwani imebadilika. Chumba cha nne kilikuwa cha mwajiriwa mpya, wameniambia Shangazi hajawahi kulala bwenini. Nitalala wapi na goti hili? Mzee amenipa chumba cha ndani, yeye analala dukani kati ya saa zake. Ni mtu wa heshima. Lakini si hilo ninaloandikia.

Nataka kukuandikia Jumamosi ilivyokuwa, yote, ili nawe uone kama nilivyoona mimi.

Nilishuka kwenye basi saa tano. Nilikuwa nimevaa koti la kazi kwa sababu ya baridi ya asubuhi, nilisahau kulivua. Nilitembea polepole. Mlango ulifunguliwa na yule binti. Alikuwa na kitana changu kichwani. Akanishika mkono kunisaidia kupanda kizingiti, dada, kizingiti nilichokuwa nakiruka, akasema, "Karibu, mama." Mama alikuwa sebuleni anachambua vifungo kwenye kopo. Akanyanyua uso, akanitazama kwa wema, wema ule anaowapa wageni. "Karibu ukae, umetoka mbali? Mikono imechoka hiyo." Nikamwambia, "Mama, ni mimi." Akasema, "Karibu sana, ni wewe," na akamwita Kitinda alete maji. Yule binti akaitika. Na mimi niliitika. Tuliitika pamoja. Mama alimtazama yeye.

Ndipo ukatoka uani, una chaki kwenye vidole. Ulisimama. Ulinitazama, mdomo ukafunguka, na chaki ikakudondoka. Ulinijua. Usinikatalie, dada, nilikuona unanijua, nimekujua tangu sijaota meno. Nilingoja tu unifokee. Ungeniuliza nimeingiaje na viatu vya tope, ningepona palepale. Lakini yule binti akauliza, "Dada, ni nani?" Ukamgeukia. Ulipogeuka tena kwangu ulikuwa umeshainama kidogo magotini. Ukasema, "Shikamoo, Shangazi."

Nami nikasema marahaba.

Hilo ndilo linaloniua. Sikulazimishwa. Lilitoka lenyewe, kwa ile sauti nzito, kabla sijalifikiria. Baada ya hapo kila kitu kikateremka kama gari lisilo na breki. Nilikaa kiti cha wageni. Nilikunywa kwenye kikombe cha wageni, chenye maua, ambacho tangu utotoni nilikuwa nachapwa nikikigusa. Nilikuuliza habari za chuo. Nilimuuliza yule binti masomo yanakwendaje, nikamshika kidevu nikamwambia amsikilize dada yake. Mimi! Nilikuwa nayasikia maneno yakitoka nikitaka kuyarudisha. Saa kumi mama akasema safari ni ndefu na kiza kisinikute njiani. Mlinisindikiza mpaka kituoni, watatu. Mlipunga mikono mpaka basi likakata kona.

Dada, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba hizi ni salamu tu, na kwamba mtu akiitikia hapungukiwi na kitu. Basi tengeneza ulichoharibu kwa kitu hicho hicho. Sikuombi uje, nimeona hutaweza kupita mbele ya macho ya mama. Nakuomba neno moja. Naliandika langu hapa, kwa mkono unaonyooka nikiubana na rula:

Shikamoo, dada.

Nijibu marahaba. Usiandike kingine, hata tarehe usiweke. Neno hilo likifika limeandikwa na wewe, nitavua koti hili, nitatoka na nitarudi kwa miguu kama goti litakataa basi. Nakusubiri.

Mdogo wako

*

Nyumbani
Jumapili, 19 Mei

Shikamoo, Shangazi,

Tumeipokea barua yako kwa furaha, na tunakushukuru kwa kututembelea. Mama anakusifu kila siku, anasema ni nadra siku hizi kumpata mgeni wa makamo asiye na maneno ya watu. Anauliza goti, na anasema ujaribu kulikanda kwa maji ya chumvi.

Barua Kitinda alitusomea kwa sauti baada ya chakula. Hatukuielewa yote, utusamehe, mwandiko wako umelala sana na mahali pengine alikisia. Ila tulipofika pale ulipotuandikia shikamoo tulicheka, Shangazi! Mtu wa umri wako utuamkie sisi? Mama alisema sote tunaelekea huko huko kwenye kusahau, tusikucheke.

Nikwambie jambo la ajabu. Baada ya wao kwenda kulala nilibaki na barua yako mezani na kalamu mkononi. Nilikuwa na neno nililotaka kuliandika. Neno moja fupi, lilikuwa kwenye ncha ya ulimi, na sijui kwa nini moyo ulikuwa unanienda mbio. Kisha Kitinda akaniita nimsaidie kufunga zipu ya sare, maana sare yake mpya ya uuguzi imefika na alitaka kuijaribu mara ya tatu. Niliporudi mezani neno lilikuwa limenipotea. Kama lilikuwa muhimu litarudi.

Sare imemkaa vizuri mno. Mfukoni tulikuta kadi yenye saini yako. Tumeibandika ukutani.

Wako kwa heshima,
Dada yake Kitinda

*

Meza ya mwisho
Jumapili, 2 Juni

Marahaba, mwanangu, marahaba.

Goti linaendelea, mwambie mama asante kwa dawa ya chumvi. Kazi ni nyingi, ni msimu wa sare za shule. Mzee wangu hajambo, watoto wanawasalimu.

Nikuulize jambo, kwa kuwa wewe ni mtu wa vitabu na unajuana na wengi. Wiki hii nilikuwa natafuta chaki nikakuta juu ya droo fungu la barua ambalo halijafungwa. Ni za msichana aliyekuwa hapa, zilizotoka kwa dada yake. Mwandiko wa huyo dada unafanana na wako kwa namna ya kushangaza. Najua si vizuri kusoma barua za watu, lakini nilizisoma. Ana maneno mengi huyo dada, anajifanya anajua kila kitu, ila anampenda mdogo wake hata kipofu angeona. Mahali anapomwambia kitanda chako ni chako nililia, sijui kwa nini, mpaka ikabidi nisimamishe kazi na cherehani zote zikanisubiri.

Nilitaka kujua tu kama yule binti alifika kwao. Nyusi nimemuuliza, anasema hakumbuki msichana yeyote. Nadhani alifika. Mtu mwenye dada wa namna hiyo hawezi kupotea.

Barua nimezifunga kwa uzi mwekundu nikaziweka pamoja na nyingine. Ukimfahamu mwenyewe, mwambie ziko salama kwangu.

Nisalimie Kitinda.

Shangazi